Lebo za Dhahabu na Mkasi wa Mama Namukasa

Bi. Mirembe Namukasa, mkuu wa vipimo wa Nyumba ya Lubega, Washonaji wa Suti, tawi la Juba, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 17 Desemba 2010, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kadi ya mwaliko inasema anastaafu kwa moyo mkunjufu. Kadi hiyo ilichapishwa Kampala, na watu ambao hawajamwona wiki hii.

Yeye anaondoka, na sisi tunabaki na Mpango Mpya. Kuanzia Januari, makao makuu yanataka kila koti letu libebe lebo kubwa ya dhahabu kwenye mkono wa kushoto, na kitambaa cha akiba ndani ya mishono kipunguzwe. Ratiba ya leo haina nafasi ya kulijadili jambo hilo. Ina nafasi ya wasifu. Basi tusome wasifu.

Aliajiriwa Kampala mwaka 1979 kama msichana wa kushona vifungo, mwaka wa vita, ambao wakazi wengi wa mji ule walikuwa wakipoteza vifungo zaidi kuliko kuagiza suti. Marehemu Mzee Lubega, mwanzilishi wa Nyumba hii, alimpandisha cheo siku binti huyo alipomfumulia Mzee mwenyewe mkono wa koti, Mzee akiwa amelivaa, mbele ya wateja, kwa sababu bega lilikaa vibaya. Wengine walidhani anafukuzwa. Akapewa meza yake.

Mwaka 2006 alitumwa Juba. Hesabu ya wakubwa ilikuwa rahisi: amani imesainiwa, serikali mpya inahitaji ofisi, ofisi zinahitaji mabwana, na mabwana wanahitaji suti. Alipanda lori la saruji, akapita mpakani Nimule amekumbatia kioo kirefu kilichofungwa mablanketi matatu. Kioo kilifika kizima hapa mtaani Hai Jalaba. Mjini vioo vya kunyolea vilikuwepo vingi. Cha kumwonyesha mtu pamoja na viatu vyake, hatukuwahi kukiona kingine.

Wateja wa kwanza walikuwa makamanda waliotoka porini karibuni, wembamba, wenye macho ya kuangalia mlango. Mama Namukasa aliwasimamisha mbele ya kioo, akakunjua futi yake na kuamuru, "Mikono juu!" Wakainua. Vita vyote vile havikuwahi kuwainulisha mikono, akaja mama mmoja wa Kampala na miwani yake.

Wanene wa kesho aliwaona wakiwa wembamba wa leo. Kila koti alilikata na vidole vitatu vya kitambaa cha akiba, kimekunjwa ndani ya mishono ambako hakuna anayekiona. Wahasibu wa Kampala walilalamika kwamba kitambaa hicho kinatoka Uingereza na yeye anakificha. Akawajibu kwa simu, amesimama juu ya kreti ya soda kutafuta mtandao: "Hawa watu wametoka msituni. Nyinyi ngoja wakule mwaka moja."

Walikula.

Sasa lebo. Wageni wetu kutoka makao makuu huenda hawajui desturi ya mji. Hapa mtu akinunua koti, ile lebo ya mkononi haitolewi. Inabaki ili watu wajue koti ni jipya na ni la bei. Kuna mabwana ambao mkutanoni huulaza mkono wa kushoto mezani, lebo ikitazama kiti cha mwenyekiti, nao hawauondoi hata kushika kalamu.

Mama Namukasa alizikata. Hakuna mteja aliyeondoka mbele ya kioo na lebo mkononi. Bwana Makuei, mkurugenzi wa idara fulani, aliyekulia Nairobi na ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa, alilia kama ananyolewa kwa nguvu.

"Mathe, sasa watu watajua aje hii ni ya bei?"

"Wewe ingia, simama, kaa. Kama hawajui, rudisha koti. Mimi hapana uza kitambaa ya mkono."

Makuei alilivaa kwenye harusi ya mdogo wake, mtaani Malakia. Mashemeji waliuangalia ule mkono mtupu, wakamwuliza kwa heshima zote kama bunda la mitumba lilikuwa na suruali yake pia. Jumatatu alilitupa koti juu ya meza yetu, akaenda sokoni Malakia na kununua lenye lebo ya ukubwa wa pakiti ya sigara. Mwaka mzima alipita mbele ya duka letu ametanguliza mkono wa kushoto. Marafiki zake wakamfuata. Meza ya vipimo ikawa na vumbi, na Kampala wakaanza kuongea habari ya kufunga tawi. Sisi wenyewe tulimsihi Mama aache lebo moja tu, kwa majaribio. Kwetu alijifunza Kiarabu kidogo sana, lakini neno la kufunga mjadala alilolihitaji siku hiyo alikuwa nalo: "Kalas."

Ndipo Mkurugenzi wetu, Bwana Ponsiano Lubega, mwana wa Mzee, alipotuletea lebo za kwanza za majaribio. Tuseme haki: si mtu mjinga. Alisema jina lisiloonekana haliwezi kumwita mteja mpya, na kweli kibao chetu kimefichwa na matangi ya maji ya jirani. Lebo zikatundikwa dirishani. Kabla ya mwezi kwisha, Malakia nzima ilikuwa na za kughushi, zimeshonwa vizuri kuliko zetu. Tuliliona jina la Lubega kwenye koti la mvua. Tuliliona kwenye kaptura. Watu wakaja kutulalamikia makoti tusiyoyajua. Mama akayageuza ndani nje pale mlangoni, akapapasa mshono, akayarudisha. "Hii si mtoto yangu."

Mwaka uliofuata Makuei akarudi. Amani ilikuwa imefika tumboni. Koti lake la Malakia halikufunga hata kifungo kimoja, na Mama alipolifumua, ndani ya mshono hakukuwa na kitu ila uzi uliochoka. Alifungua kabati, akatoa lile koti la harusi, lililokaa humo limefunikwa shuka kama mgonjwa anayesubiri kupona, akaachia vidole viwili. Makuei akajitazama kwenye kioo kizima, na viatu vyake.

"Mathe, kumebaki kidole ingine?"

"Iko. Lakini kula polepole."

Tangu hapo makoti yanarudi kupanuliwa, bila malipo, maisha yote ya koti. Anayekuja kupanuliwa hukuta kitambaa kipya mezani, na hatoki mikono mitupu. Wale mashemeji wa Malakia sasa ni wateja. Shem, fundi wetu wa suruali, anawapima kwa furaha isiyo ya kawaida. Habari ya kufunga tawi haikusikika tena. Kampala wakajifunza somo, ila somo jingine: kwamba jina letu Juba sasa lina nguvu, kwa hiyo liandikwe kubwa zaidi mkononi.

Mama Namukasa si malaika. Aliwahi kumkatalia bwana mmoja suti ya kijani kibichi kwa kumwambia angefanana na mhindi ambao haujamenywa. Bwana yule alipanda cheo sana baadaye, na mpaka leo msafara wake ukipita anatutazama akiwa amevaa kijani, cha duka jingine. Mama haombi radhi. Anasema anamtazama pia.

Sasa wengi wa ndugu zetu wa Uganda wanafunga mizigo kabla ya kura ya Januari ya Kusini kujitenga, wakisubiri kuona upepo. Yeye amelipia chumba chake Hai Mauna mwaka mzima mbele. Akiulizwa kwa nini, anataja makoti ya watu ambayo bado yana kidole kimoja.

Bwana Mkurugenzi, karibu Juba. Makoti ya Mpango Mpya yalifika Jumatatu. Mama hakuyagusa; alikuwa ameshatugawia mikasi yake, bila hotuba. Kwa hiyo jioni ya leo usimwulize yeye. Tuulize sisi: Shem, Adeng wa vifungo, na mimi wa pasi. Makoti yako yote yamening'inia dukani, yamepigwa pasi, mikono yake ikiwa mitupu kama ilivyostahili. Kuhusu akiba, Shem anakata vidole vitatu, naye ana vidole vinene.

Muda mfupi ujao, Mama Namukasa atavishwa shada. Litang'aa sana kwenye picha. Ukisogea kumpongeza utagundua kwamba si la maua wala la karatasi, na utasoma jina la baba yako mara nyingi kuliko ulivyowahi kulisoma mahali pamoja. Hakuna lebo iliyopotea.

Mama, asante kwa kutusimamisha wima. Tunakutakia miaka mirefu yenye akiba pana mishononi, unenepe upendavyo, na koti lisikukatae.

Makuach, meza ya pasi, kwa niaba ya wenzake