Mlango Alioupigania Mama Laith

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika masjala ya hospitali yetu hapa Karak, Bi Rudayna, yaani Mama Laith wetu, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alipoanza kazi, mafaili ya wagonjwa yalikaa kwenye rafu za wazi nyuma ya kaunta. Mama yeyote aliyemtafutia mwanawe mchumba alipitia kwetu kwanza, akanywa kahawa, akaondoka na habari zote za binti wa watu. Wenye kifafa walilijua hilo. Walikwenda kutibiwa Amman, au walijificha nyumbani mpaka waletwe na gari la wagonjwa.

Alipokuwa mkuu wa masjala, Mama Laith aliiomba wizara ukuta, mlango wa kufuli, na mfumo wa kompyuta unaoonyesha nani kafungua faili la nani. Alipewa, na tangu hapo kila mkaguzi alitaka kuzipunguza fedha za kuvitunza.

"Gharama yote hii ya nini?" alifoka mmoja wao. "Hapa Karak kila mtu ni shemeji wa mwenzake!"

"Ndiyo sababu yenyewe hiyo, bwana mkaguzi."

Akamwonyesha jinsi safari za gari la wagonjwa zilivyopungua tangu wenye kifafa waanze kuja wenyewe kuchukua dawa. Mkaguzi alikula mansaf yetu, wali na nyama ya kondoo, akaondoka, na fedha zikabaki.

Gharama aliyoilipa yeye mwenyewe haikuwamo kwenye bajeti. Dada yake, Intisar, alikuja kumchunguza msichana aliyependwa na mwanawe. "Chungulia tu, kwani mimi mtu baki?" Mama Laith akakataa. Intisar akafanya harusi bila kumwalika, wakanuniana miaka sita. Siku ya harusi ile Mama Laith alikuja kazini kama kawaida, ila hakutaniana na mtu. Iliniuma sana.

Kisha asubuhi moja Intisar alikuja peke yake, uso umempauka, akabisha mlango ule ule. Akaingia, ukafungwa. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono, na sasa kila Ijumaa wanakula pamoja.

Mimi, mmbea wa idara, nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza Mama Laith kulikoni. Akanisogezea kikombe: "Kunywa chai, inapoa."

Mpaka leo sijui.

Ahsante, Mama Laith. Tunakuombea mapumziko yenye afya na nyumba iliyojaa wajukuu. Mlango tutaufunga kama ulivyotufundisha.