Mate ya Mzee Akonaay

Safina, muuza vitenge, alikohoa kwenye gari la abiria, Noah, tangu Katesh mpaka mzee Akonaay aliyekaa kando yake akacheka. "Shikamoo, baba. Unachekea ugonjwa?" "Marahaba, mwanangu. Nacheka wangu. Watafiti wa mapafu waliniomba makohozi kwenye kikopo. Kwetu mate ya mzee ni baraka; nikajua wanataka hizo, nikawatemea vifuani wote, hadi daktari!" "Astaghafiru! Wakakufukuza?" "Walishukuru, wakanirudishia kikopo, nikakohoa humo, wakanipima. Kumbe si TB, ni pumu. Dawa yao ya kuvuta imenirudishia pumzi, Mungu awazidishie. Sasa napanda mlima Hanang nikipiga mluzi." Safina hakuuamini huo mluzi. "Basi ni dawa, siyo mate." "Na waliijua pumu kwa baraka za nani?"

Gari likasimama Mogitu. Mzee akashuka na gunia begani, akipiga mluzi. Safina akachungulia dirishani: "Baba! Nitawapata wapi hao watafiti? Na kabla hujaondoka, nitemee kidogo."