Nahodha Wetu Mgiriki na Dele la Kahawa

Na Taimur, meneja wa timu ya Wadi Ansab

Baada ya misimu minane akiwa kiungo wa timu yetu, na mingine kumi kwenye ligi ndogondogo za Kupro, Malta na Romania, Bwana Lefteris Kouvaras anastaafu soka rasmi tarehe 29 Mei 2025. Ana miaka thelathini na tisa. Goti lake la kulia, kwa maneno yake mwenyewe, lina sitini.

Alizaliwa Kavala, mji wa bandari kaskazini mwa Ugiriki. Hakuwahi kuchezea timu kubwa, wala hajawahi kujidai hivyo. Klabu yake ya Malta ilivunjika msimu ukiwa katikati. Ile ya Romania ilimwacha kwa ujumbe wa simu. Akaja Maskati kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwenye klabu isiyo na jukwaa la maana, inayofanya mazoezi baada ya Isha kwa sababu mchana wachezaji wote wako makazini. Kocha Maan alitarajia mtu aliyekuja kumalizia soka lake taratibu. Akapata mtu anayefika uwanjani wa kwanza na kugombana naye kila akitaka kumtoa.

Wageni wetu wa leo huenda hawaijui desturi ya klabu hii. Aliyesababisha bao la kufungwa ndiye anayemimina kahawa baada ya mechi. Hasemwi, halaumiwi. Anachukua dele, birika letu la kahawa, anawazungukia wenzake, na anabaki amesimama mpaka wa mwisho atikise finjani yake kuonyesha ametosheka. Hapo yamekwisha, hakuna wa kuyarudia. Mwenye desturi hiyo ni Mzee Musallam, msimamizi wetu wa vifaa, na hana mzaha nayo.

Katika mechi yake ya kwanza Lefteris alirudisha pasi nyuma, ikamfikia mshambuliaji wa wapinzani, akafunga. Basi akapewa dele. Alilishika kwa mkono wa kulia, akawa anatugawia finjani kwa wa kushoto, Mzee Musallam akafumba macho. Ilipofika zamu yake ya kunywa, hakujua kutikisa. Akajaziwa, akanywa, akajaziwa tena, na kwa adabu zake akanywa tu mpaka macho yakamtoka. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Wiki iliyofuata tukagundua kwamba alikuwa akijifunza nyumbani kwa birika la chai: dele kushoto, finjani kulia, tone halimwagiki.

Kiswahili nacho alikipata hivyohivyo, kwa kukosea mbele za watu. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kimejaa watoto wa Unguja na wa Bujumbura, na kila mmoja alimsahihisha kwa lafudhi yake. Leo akifoka utadhani amezaliwa Ng'ambo ya Unguja. Na ndiye nahodha aliyekomesha ile tabia ya mchezaji kukwepa mazoezi na kumtuma binamu yake aje aseme jamaa yuko harusini.

Desemba iliyopita daktari alimwambia goti limekwisha, aache mpira. Timu ilikuwa karibu na mkia, na mfadhili alikwishatuambia kwamba tukishuka daraja anaondoka. Bila mfadhili hapana timu. Lefteris angeweza kurudi kwao na hakuna ambaye angemlaumu. Mzee Musallam alimwambia waziwazi: "Mwanangu, nnakuona unavyoshuka ngazi kinyumenyume. Nenda kwenu ukatibiwe." Akajibu kwamba atakwenda, lakini timu ibaki kwanza. Tangu hapo aliacha mbio za mazoezi, akawa anaogelea baharini Sidab kila alfajiri, anacheza kipindi cha pili tu, na barafu yake haimtoki mkononi.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare. Tukapata bao kwa pasi yake. Zikiwa zimebaki dakika chache goti likamgomea, akapoteza mpira katikati ya uwanja, wakasawazisha. Nafasi za kubadilisha wachezaji tulikwishazimaliza. Akabaki uwanjani kwa mguu mmoja, akijiweka mbele ya kila shuti, na moja lilimpiga kifuani likatoka nje. Filimbi ikalia. Tumebaki.

Tulilia wote, sioni haya kusema. Kisha tukamwona anachechemea kuliendea dele. Kocha Maan akainuka kumzuia, Mzee Musallam akamshika mkono akamkalisha.

Sisi kwa kawaida hunywa mbili, tatu. Siku ile bila kuambizana, kila aliyemiminiwa alipiga funda moja akatikisa finjani, ili mwenzetu apate kukaa. Alipofika kwa mtu wa nne akagundua. "Hapana! Nyweni kama siku zote!" akafoka, akaanza upya kutoka mwanzo wa safu, goti limefura. Tukanywa.

Lefteris, timu hii ipo kwa sababu ulikataa kukaa kitako. Ahsante kwa misimu minane, kwa goti lako, na kwa kila ulipotufokea. Wiki ijayo unakwenda Kavala kufanyiwa operesheni. Mungu akupe daktari mwenye mkono mwepesi na umri mrefu wa kutembea bila maumivu. Siku ile, Mzee Musallam alipokumiminia ya kwako, ulikunywa ukamrudishia finjani bila kuitikisa, na safari hii ulikuwa unaijua vyema desturi. Kwa hiyo dele tumeliacha motoni.