Mama Pazia Anatuachia Chumba cha Giza

Bila mimi shule hii isingefunguliwa hata siku moja. Kengele naipiga mimi, na mkuu wa shule mwenyewe hurekebisha saa yake akinisikia. Ndiyo maana jarida letu limenipa mimi kazi ya kumuaga nesi wetu, anayestaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya miaka ishirini na sita.

Wanafunzi wanamwita Mama Pazia. Alipofika tu alidai chumba kimoja, akatundika mapazia mazito mpaka mchana ukawa usiku, akaweka kitanda na ndoo. Humo walilazwa watoto wenye kipandauso. Mimi nimewahi kufukuza chatu wawili kwa ufagio, lakini nikipita mlango ule huongeza mwendo. Unajua mtoto yumo, na husikii hata pumzi.

Tena aliwajua kabla wenyewe hawajajijua. Husimama dirishani pa darasa, akaona mtoto anapiga miayo, anasoma neno nusu, nusu nyingine kama imemezwa na ubao. "Huyo nipe," humwambia mwalimu. Punde mtoto anatapika, anaomba giza.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mmoja wao. Alifeli mtihani, ikaamuliwa arudie darasa. Dada akalia, mimi nikatishia kumpigia simu waziri, rafiki yangu. Mama Pazia akanikalisha.

"Mzee wa kengele, hebu tulia. Akili za mtoto ziko palepale. Kipandauso kinamwibia siku. Kabla hakijaja anasahau, kikija haoni, kikiondoka anafikiri polepole kwa muda. Mtihani wenu uliangukia humo."

Mwalimu wa darasa akakubali kumpima tena kichwa kikiwa shwari. Akavuka, na hesabu akaongoza.

Nesi mpya hajapatikana, kwa hiyo Mama Pazia amenifundisha dalili. Juzi, Mama Pazia akiwa hayupo shuleni, kwenye korido tupu, mpwa wangu alinikazia macho, akasema taratibu, "Mjomba, uso wako upande mmoja haupo."

Nilimpa dawa yake, nikamlaza gizani. Kengele sikuipiga, na shule nzima ikakaa kimya kama imehamwa. Jana alinisomea ukurasa mzima bila kukwama.

Asante, Mama Pazia. Kapumzike, uishi vizuri, na mchana wako usiwe na haja ya pazia. Ila niseme ukweli: pale koridoni, kabla ya kutafuta dawa, nilijishika sikio la kushoto kuhakikisha lipo.