Taratibu, Bawabu Aliyesaini Milango Miwili

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza: marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa fundi wa mabehewa na mke wake mshona nguo. Alizaliwa mkubwa. Mkunga alisema hajapata kupokea mtoto mzito namna ile, na mama akamjibu, "Basi mrudishe alikotoka, mimi niliomba msichana." Mpaka anafariki alikuwa mtu wa kuinama kila anapoingia nyumba ya watu, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikulingana kabisa na mwili ule.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Alipenda hesabu, na mwandiko wake mwalimu aliubandika ukutani ili wengine wauige. Hakuendelea, kwa kuwa baba alifariki mwaka huohuo. Lakini wakati ule mtu wa darasa la saba aliandika barua ikasomeka na kueleweka. Leo wapo wenye vyeti vya kujaza sanduku ambao salamu tu inawashinda kuandika.

Mwezi Mei 1966 aliajiriwa kuosha glasi katika hoteli kubwa ya mjini, ile yenye ukumbi wa dansi upande wa chini. Baada ya glasi alibeba mizigo ya wageni, kisha akahudumu mezani, na tarehe 1 Februari 1974 akakabidhiwa mlango mkubwa wa ukumbi. Mwaka 1983 akawa mkuu wa walinzi wote wa pale. Kwa miaka ishirini na mitano mlangoni hakumpiga mtu hata mmoja. Aliyeleta fujo alimshika kiwiko, akainama mpaka sikioni, akamwambia, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu." Jina hilo likamganda, hata mzee mwenye hoteli akawa anamwita Taratibu.

Wapo hapa wanaomkumbuka yule muuza nyama wa sokoni, mtu wa kifua kama mlango wa ghala, aliyetaka kumtwanga mpiga ngoma kwa sababu amekataa kurudia wimbo. Watu walikuwa wameshapanda juu ya viti. Marehemu alimfuata, akamshika kiwiko, akamuuliza, "Mkeo kajifungua?"

"Nani kakwambia mke wangu mjamzito?"

"Wewe mwenyewe, Jumamosi iliyopita. Ulisema ni wiki hii."

Muuza nyama akasimama pale, mkono bado uko juu. "Kajifungua jana," akasema. "Watoto wawili. Nimekimbia nyumbani, Taratibu. Nawaogopa."

"Hawana meno, wanakuogopesha nini? Twende."

Wakatoka wameshikana mikono. Marehemu alimfikisha hadi kona ya nyumbani kwake na kurudi kazini. Mapacha wale sasa ni watu wazima, na mmoja wao ndiye aliyetushonea sare za leo.

Kazi ile ilikuwa hivyo. Bawabu alijua majina ya watu, alijua nani kafiwa na nani kaachwa, na nani asiuziwe chupa ya tatu. Siku hizi mlangoni wanasimama vijana wa fulana nyeusi, waya masikioni, wanakupapasa kama mwizi na hata "karibu" hawaijui. Mtu akianguka wanaita kwenye redio. Marehemu aliwaona, akatikisa kichwa, na hakuwasema vibaya. Sisi wengine tunawasema.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na mwoka mikate wa hoteli hiyohiyo. Walikuwa wamejuana kwa miaka miwili kupitia dirisha la jikoni, yeye akipitishiwa mkate wa moto na kuurudisha upande mmoja umeliwa, ule mwingine kamwachia mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu. Katika ndoa hiyo marehemu alipata na shemeji, mdogo wa mwisho wa mke wake, ambaye mwaka 1991 alifika kwao na begi moja, hana kazi. Alikaa nao miaka minne. Marehemu alimwombea nafasi ya ulinzi na kumfundisha kazi yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, wamesimama kwenye mlango mtupu mchana, wakati ukumbi unapigwa deki.

"Mkono kwenye kiwiko. Sauti chini. Usimkazie macho."

"Na akinipiga je, shemeji?"

"Utakuwa umepigwa. Ulidhani tunakupa kazi ya kuuza maua?"

Wafagizi waliacha mifagio wakacheka. Alimpenda kijana yule kuliko alivyopenda baadhi yetu wa damu yake, na tulimwambia hivyo.

Sasa tunafika mahali ambapo rasimu ya kwanza ya wasifu huu, iliyoletwa na kamati ya mazishi, ilisema marehemu "aliacha kazi kwa hiari mwaka 1999 ili apumzike." Mjane aliisoma akiwa ameketi kitandani, akaomba kalamu, akaikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja. Kilichotokea ni hiki.

Hotelini palikuwa na daftari la zamu. Kila mlango ulikuwa na mstari wake, na mlinzi alitia saini kwenye mstari wa mlango anaoushika. Aliyesaini ndiye mwenye mlango, na kila kitakachopita hapo kiko juu yake. Jumamosi tarehe 13 Novemba 1999, saa kumi na mbili kasoro jioni, shemeji alimfuata marehemu mezani penye daftari.

"Shemeji, nishikie zamu leo. Nisainie mlango wa nyuma, saa mbili nimerudi."

"Unakwenda wapi?"

"Mambo ya kifamilia."

"Familia ipi tena? Si ndiyo mimi?"

"Shemeji bwana! Saa mbili tu."

Mtu mwingine angeandika saini ya shemeji akamaliza. Marehemu hakuweza kuandika jina la mtu mwingine kana kwamba ni lake. Aliona ni uongo. Basi kwa mwandiko ule mzuri akaandika jina lake kwenye mstari wa mlango mkubwa, kisha akaliandika tena kwenye mstari wa mlango wa nyuma. Aliufunga ule wa nyuma kwa komeo la ndani, akawaomba wapishi wautupie jicho, akaenda mbele.

Saa mbili ilifika, shemeji hakurudi. Saa tatu vilevile. Saa tatu na nusu marehemu alimtoa mgeni mmoja aliyekuwa akimsumbua binti mhudumu, akamsindikiza hadi barabarani bila kelele. Mgeni yule akazunguka nyuma. Mpishi alikuwa amefungua komeo amwage maji machafu. Mgeni akaingia na chupa iliyovunjika mkononi, akamfikia yule binti kabla mtu hajamshika. Binti alipoteza jicho la kushoto. Marehemu alimbeba mikononi, akampakia kwenye gari la kuletea mboga, akakaa naye hospitali mpaka wazazi wake walipofika asubuhi, shati lake limekauka damu.

Shemeji alikuwa kwa fundi redio, mtaa wa pili, akitazama mpira. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuja kutuambia, mwaka uliofuata.

Mkesha wa kikao cha kuhojiwa, mke wa marehemu alimpigia magoti. "Baba watoto, usimtaje. Ana mtoto wa wiki tatu. Mama yetu mgonjwa akisikia kafukuzwa hatapona."

"Sitamtaja," akasema. "Atasema mwenyewe. Ni mtu mzima."

Jumanne tarehe 16 waliitwa ofisini kwa meneja, wanaume wawili wamesimama mbele ya meza yenye kioo. Shemeji aliulizwa kwanza alikuwa wapi.

"Mkuu alinipa ruhusa," akajibu. "Alisema milango yote miwili anaimudu peke yake."

Meneja akaligeuza daftari. "Hizi saini ni za nani?"

"Zangu," akasema marehemu.

"Zote mbili?"

"Zote."

"Una la kuongeza?"

Alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anatazama viatu. Marehemu alisubiri, na meneja, tumpe haki yake, naye alisubiri kidogo. "Sina," akasema marehemu.

Barua ya kumwachisha kazi ni ya tarehe 1 Desemba 1999. Ina mistari sita, na katika mstari wa nne kuna neno "uzembe". Miaka thelathini na mitatu hotelini, kutoka glasi mpaka ukuu, ikamalizwa kwa neno hilo. Januari iliyofuata shemeji alipewa ukuu wa walinzi. Mwaka 2006 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya ulinzi, ambayo magari yake mmeyaona yameegeshwa nje, na vijana wake ndio waliosimama getini leo wakiwaonyesha pa kuketi.

Marehemu alizunguka hoteli saba. Kila moja iliomba barua ya alikotoka, na kila moja ilipofika mstari wa nne ilimrudishia kwa adabu. Aliyempokea ni muuza mbao. "Mimi makaratasi yananichosha," alimwambia. "Utaanza lini?" Alilinda mbao zile kuanzia Aprili 2000 hadi Desemba 2015, akiwaambia "karibu" wanunuzi wa misumari kwa heshima ileile aliyowapa wacheza dansi waliovaa suti.

Hakuacha kusubiri. Hili tunalisema kwa sababu tuliliona kwa macho. Kila sikukuu shemeji alifika na familia yake, wakala, wakanywa chai, na marehemu akamtolea kiti kizuri. Wageni wakishaondoka alikuwa akisema, "Leo alikuwa karibu kusema." Mwaka wa kwanza ilituhuzunisha. Mwaka wa kumi ilitukasirisha. Mama mkwe alifariki 2009, kwa hiyo sababu ya kumlinda yeye ikaisha. Mtoto wa wiki tatu akakua, akamaliza shule, na sababu hiyo nayo ikaisha. Kaka yake marehemu alimwambia waziwazi, "Nenda kaseme wewe, acha ujinga." Akajibu, "Nikisema mimi ni utetezi. Akisema yeye ni ukweli."

Zamani mtu akikosea alikwenda mwenyewe kwa aliyemkosea, kofia mkononi, akaketi chini, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Sasa watu hununua gari jipya wakadhani limefunika.

Mwaka 2016 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Miaka yote ile ya kusimama ilikuwa imeingia mishipani, na daktari akagundua kuwa na moyo umepanuka. Alitumia dawa kwa uaminifu, akizipanga dirishani kwa mstari kama alivyokuwa akipanga foleni. Tarehe 21 Mei 2018 alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni mwa dirisha. Aliwajua wauguzi wote kwa majina kufikia siku ya pili.

Jumapili tarehe 3 Juni shemeji alikwenda kumwona. Alibeba machungwa. Mke wa marehemu alikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha jirani, akimsaidia mgonjwa asiye na ndugu kunywa uji, na haya ameyasimulia yeye.

"Shemeji," marehemu alisema, "tuko wawili tu. Sema."

"Niseme nini, shemeji? Ya kale hayo. Pumzika."

Marehemu akauliza, kwa sauti yake ileile ndogo, "Basi niambie. Ule mpira, nani alishinda?"

Shemeji alimenya chungwa lote, akaliweka kwenye sahani.

"Tulifungwa," akasema. "Mbili bila."

"Ahaa," akasema marehemu.

Hayo ndiyo yote aliyoyapata. Shemeji akaaga. Mjane anasema mumewe alilala vizuri jioni ile, na yeye ndiye hakulala, kwa kuwa alikumbuka nani aliyepiga magoti mwaka ule. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 6 Juni 2018, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minane. Asubuhi hiyo mjane alimwambia kaka wa marehemu, "Andika. Yote. Hata langu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na kaka mkubwa. Ameacha pia yule binti mhudumu, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne na ameketi na wafiwa kwa ombi la mjane. Jana alituambia, "Mimi sikuwahi kumwita mzembe. Mikono iliyonibeba naijua." Ameacha na mashemeji, na huyu mmoja kati yao yupo hapa, mstari wa mbele, kwa kuwa ndipo shemeji anapoketi.

Kwa ombi la mjane, kabla jeneza halijashushwa, kipaza sauti kitapelekwa mstari wa mbele. Hatakiwi kulia wala kuomba radhi. Anatakiwa kutaja tu alikuwa wapi tarehe 13 Novemba 1999 kuanzia saa kumi na mbili jioni. Waliopo ni wengi, wakiwemo wengi wa enzi za ukumbi ule, na watasikia. Akisema, barua ile yenye mistari sita tutaizika pamoja na marehemu. Akinyamaza, itabaki nyumbani kwa wanawe, na sisi tutashika makoleo tuendelee.

Mungu ampe mtu wetu amani aliyonyimwa na wa nyumbani mwake.