Dereva Aliyepita Kwao Bila Kusimama

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, binti yake wa pili, niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Honi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hadi mwaka 1971, kisha akahitimu udereva wa treni mwaka 1979. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, msimamizi wake akiwa rafiki yake wa chuoni, mhandisi, na Mungu akawajalia watoto wanne. Kwa kuwa treni ya abiria haikuwa na kituo hapa mtaani, baba alikuwa akipita anapiga honi fupi mbili, mama anateleka chai, huku akitania kwamba mumewe humsalimia mtaa mzima ukasikia, akifika nyumbani hasemi neno.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba vituo vitaongezwa kwenye njia hii ya zamani, na mhandisi, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, akiwa amekaa sebuleni kwetu, akamhakikishia baba kwamba kimoja kitakuwa hapa, mradi wakazi waondoe wenyewe majengo yaliyosogelea reli. Baba alipita nyumba kwa nyumba akiweka jina lake dhamana, nanyi mkabomoa nyua, majiko na vyoo. Majukwaa mawili yalijengwa, letu na la mtaa wa mbele wenye maduka ya mhandisi, lakini asubuhi ya uzinduzi, tarehe 2 Juni 2013, baba akiwa tayari amekabidhiwa treni ya kwanza, mhandisi alimwambia kwamba vituo vimekaribiana mno, hivyo hapa kwetu asisimame. Kikulacho ki nguoni mwako. Dereva wa treni husimama anapoamriwa, basi alipita mbele yenu, mmejaa jukwaani na nguo zenu za sherehe, akapiga honi zake mbili kuwaomba radhi, nanyi mkadhani anawakejeli.

Tangu siku hiyo mlimwita msaliti, wengine mkaacha kuitikia salamu yake, naye hakumtaja rafiki yake kwa mtu nje ya nyumba yetu, akaomba ahamishiwe treni za mizigo, na honi zile mbili hakuzipiga tena mpaka alipostaafu mwaka 2017. Inatuuma, na leo tunasema wazi kwamba yeye ndiye aliyesalitiwa kabla yenu.

Aprili 2023 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali kuu, akifumbua macho kila mlango ulipogongwa, kwa kuwa mhandisi alipiga simu kusema yuko njiani, hadi alipofariki tarehe 19 Septemba, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi ingawa hamkuwa mkisalimiana naye, na madereva wenzake. Mhandisi naye, tunayemwona mstari wa mbele, tunamshukuru kwa kufika, ila shada lake tumeliacha kule kwenye jukwaa la kituo.

Treni ya saa tisa inakaribia, na wenzake wameomba kupiga honi mbili ikipita hapa. Tafadhali, safari hii mwitikieni.

Baba yetu, umetusalimia vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.