Aliulizwa, Akajibu: Maisha ya Humam bin Muslim

Bismillahi. Bibi zangu, dada zangu na wanangu mliojaa katika nyumba hii ya Ghubra leo, Jumatano tarehe 22 Aprili 2026, siku ya tatu ya msiba wetu, asalaam aleikum. Mimi ni Kheiria, dada mkubwa wa marehemu, na wanaume wameshasomewa habari zake msikitini na mwanawe Hisham, kwa adabu na kwa ufupi, basi huku ndani nimeombwa nisome mimi, na ufupi sikuuahidi.

Marehemu Humam bin Muslim alizaliwa tarehe 11 Machi 1963, Mkunazini, Unguja, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Muslim na Bi Ruqaya, baada yangu mimi na kabla ya Wadha, kitinda mimba wetu, na mwaka 1975 wazee wetu walituleta Maskat, tukapanga vyumba viwili Matrah nyuma ya soko, ambako Humam alijifunza Kiarabu cha mtaani kwa kucheka na cha skuli kwa machozi. Alimaliza sekondari mwaka 1982, akapata nafasi ya serikali kwenda Marekani kusomea uhandisi wa barabara, akaondoka Agosti 1983 na koti la kuazima, akarudi Juni 1989 na shahada, koti lake mwenyewe, na maradhi ya mpira.

Siusemi mpira mnaoujua nyinyi. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaokamatwa kwa mikono, ambao mimi kwa miaka mingi niliuita ugomvi wa watu waliovaa makofia, mpaka siku moja Humam aliponikalisha hapa hapa akanieleza kuwa kila timu ina mtu anayerusha mpira, kuwa majitu ya upande wa pili yanakuja mbio kumwangusha, na kuwa mwisho wa mstari husimama pandikizi la mtu ambaye kazi yake yote ni kuyazuia, mpira haugusi, bao hafungi, jina lake halitajwi ila siku aliyoshindwa, na mrushaji amempa mgongo kwa kumwamini. Mlinzi huyo wa pembeni ndiye aliyemchukua moyo ndugu yangu, kwa sababu mwenzake wa chumbani kule chuoni alikuwa mmoja wao, na kwa kumsubiri mazoezini Humam akageuka msaidizi wa kocha.

Aliajiriwa wizarani tarehe 2 Septemba 1989, akapima na kusimamia barabara mpaka alipostaafu mwaka 2018, na wengi wenu mliokuja leo kwa gari mmepita juu ya kazi yake bila ya kumshukuru. Tarehe 7 Novemba 1991 alimuoa Balqees, ambaye leo yumo edani chumba cha pili, mwanamke aliyevumilia mambo, wakajaaliwa Hisham mwaka 1993 na Bashayer mwaka 1997.

Kazi yake ya pili ilianza mwaka 2009, pale yule mwenzake wa chumbani alipopewa jukumu la kutafuta vijana kwa timu moja kubwa ya huko, akawa anamletea Humam picha za video za walinzi wa pembeni walio vyuoni, naye akizitazama na kusema nani anafaa na nani hafai. Alikuwa na namna yake, alikata ubavu wa boksi kubwa la tishu akafunikia nusu ya juu ya televisheni, sauti akaizima, akabaki anaangalia miguu tu, na Balqees akilalamika kuwa wageni wanakuta nyumba inatazama viatu, yeye humjibu, "Mpira unanivuta macho, bibi, nami sikuulizwa khabari za mpira."

Sasa nifike kwa Asaad, mtoto wa Wadha, aliyezaliwa Maskat tarehe 3 Mei 2004, akaenda Marekani na wazazi wake kwa kazi ya babaake, wazazi wakarudi, yeye akabaki kusoma, akanenepa, akarefuka, akawa mlinzi wa pembeni wa chuo chake. Kijana akimaliza mwaka wa tatu huko anaruhusiwa kutoka na kuingia katika uteuzi, siku ambayo timu kubwa huchagua vijana kwa zamu, au akitaka hubaki mwaka mmoja zaidi, na Asaad akasema atafanya atakavyosema mjomba wake.

Ijumaa ya tarehe 10 Januari 2025 tulikusanyika kwa Wadha, Qurum, babaake Asaad ameshaagiza halua ya watu hamsini, kijana mwenyewe yumo kwenye simu ya video, na Humam, ambaye tangu Machi 2023 figo zilikuwa zimemgomea na akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, akaingia amechoka, akakaa, akasema, "Bado, mwanangu."

"Bado nini, Humam?" Wadha akaruka. "Watu wote washasema yuko tayari!"

"Miguu iko tayari, na mikono iko tayari. Lakini akipitwa mara moja anataka kulipiza, na akitaka kulipiza anasahau kazi yake. Mwenzake aliyempa mgongo ataumizwa."

Asaad kule kwenye simu akasema, "Mama, mjomba anasema kweli, hukumbuki keram?" maana alipokuwa mdogo akifungwa keram aliinua ubao wote akautupa bustanini, na wengine tukacheka mpaka machozi, ila si Wadha wala mumewe, halua ikagaiwa majirani, na Wadha hakuikanyaga nyumba hii mpaka Ramadhani.

Asaad alibaki chuoni mwaka ule wa nne, na Juni 2025 alipokuja likizo, kila baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, Humam alikaa kwenye kiti cha plastiki ufukweni Qurum, akamwambia Hisham ampite Asaad kwa hila yoyote, na akishampita amcheke usoni, kisha waanze tena papo hapo, na yeye mwenyewe akiongeza maneno ya Matrah ambayo siwezi kuyasoma mbele ya watoto. Watu waliona anamnyanyasa mtoto wa watu, kumbe anamzoesha kupitwa.

Februari mwaka huu ile timu ya mwenzake wa chumbani ikamuuliza rasmi habari za Asaad. Humam aliwaambia kuwa huyo ni mtoto wa dada yake, akawataka wamuulize mwengine, wakamjibu kuwa wengine watawauliza na yeye pia wanamuuliza, basi akafanya kazi yake mwezi mzima wa Machi akiwa kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa mipira ya damu, na Veneranda, mlezi wake kutoka Bukoba, amemshikia aipadi yenye picha za Asaad, yeye akisema "simamisha" na "rudisha", mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kutoa rai zao, na mwisho wa mwezi akaiandikia timu jibu lake, akalituma bila ya kumuonesha mtu.

Aprili hali ilipozidi akalazwa, na Wadha akamuinamia, akamuuliza alichokiandika. Humam akamwambia kwa sauti ndogo, "Wadha, mtu akija kuposa kwako, ukatuma kuulizia, utapenda yule uliyemuuliza aende kwanza kwa mamaake kijana?" Wadha akamfunika miguu vizuri kwa shuka. Jumatatu tarehe 20 Aprili, saa tatu asubuhi, Humam akafariki, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya laasiri, makaburi ya Amerat, na alichokiandika hakuna hata mmoja wetu anayekijua.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomuangalia miaka yote hii, majirani wa Ghubra ambao sufuria zao bado ziko jikoni humu, wenzake wa wizarani waliobeba jeneza, na Veneranda, ambaye namwambia mbele ya watu kuwa hapa ni kwao.

Uteuzi unaanza kesho usiku kwa saa za huko, kwetu itakuwa alfajiri ya Ijumaa, na Asaad ananisikia sasa hivi katika simu aliyoishika mamaake. Mwanangu, nna majonzi na nna fakhari kwa pamoja, na mimi mama yako mkubwa nna yakini kuwa utaitwa. Ikiwa watakaokuita ni wale aliokuwa akiwafanyia kazi mjomba wako, ingia kwao na kichwa juu, ujue hukubebwa, maana yule bwana hakuwahi kumbeba mtu, hata mimi dada yake. Na ikiwa wao watakuacha ukachukuliwa na wengine, ujue kuna mtu aliyekupenda kama mwanawe na hakukusemea uongo, si mbele yako wala nyuma yako.

Na wewe, Humam, ndugu yangu, pumzika kwa amani. Ulichoulizwa umeshajibu.